Muvi inagandaganda kwenye kompyuta ya sebuleni? Hamishia kazi ya kudikodi kwenye grafiki

Wakuu, huu mwongozo ni wa mtu mwenye kakompyuta kadogo kamechomekwa kwenye TV sebuleni, iwe mini PC ya mtumba au kaboksi kenye Celeron, ukiweka muvi ya HD picha inagandaganda, sauti inatangulia mdomo, feni inapiga kelele mpaka watu wanaongeza volumu ya TV. Wengi wakifika hapo wanasema mashine mbovu au RAM haitoshi, wanaongeza RAM, tatizo linabaki palepale. Mara nyingi mashine haina shida yoyote, ila kazi ya kudikodi video (kuifungua video iliyobanwa iwe picha) imeangukia kwenye prosesa wakati ndani ya chipu hiyohiyo kuna sehemu ya grafiki imetengenezwa kwa kazi hiyo tu na imekaa bure; nikisema kudikodi kwenye chipu namaanisha sehemu hiyo. Ni sawa na kumpa seremala kitambaa akushonee kanzu huku fundi cherehani yupo baraza ya pili anapiga soga.

Nipo Tanga na mwongozo nimeupanga kwa mazingira ya huku, yaani joto la kaskazi, chumvi ya bahari, umeme wa LUKU au sola, na muvi ambazo watu wengi wanajaziwa kwenye flashi pale Ngamiani kuliko kustrimu, maana bando la kutazama 4K kila jioni nani analo. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa TV ya inchi 43 ukutani na familia imekaa kwenye makochi, 1080p inatosha kabisa, na kinachofaa kutafuta ni mashine inayodikodi HEVC (namna mojawapo ya kubana video, inaitwa pia H.265) kwenye chipu bila kuchemka. Anayetaka 4K aendelee kusoma lakini ajue kuna kebo na adapta zinamsubiri.

Hatua ya 1: jua chipu yako ni kizazi gani

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayoamua kila kitu. Mwongozo huu ni wa Linux, kama bado hujaiweka soma kwanza hatua ya 4. Fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) andika:

`lscpu | grep "Model name"`

Itakuletea kitu kama Intel Core i5-6500T. Namba ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, kwa hiyo 4570 ni cha nne, 6500 cha sita, 7500 cha saba, na kuanzia cha kumi zinakuwa namba mbili, 10500 ni cha kumi. Herufi T mwishoni maana yake ni ile ya umeme mdogo, nyingi ni za wati 35, na hizo ndo zimejaa kwenye mini PC za mtumba za maofisini kama HP EliteDesk, Dell OptiPlex Micro na Lenovo ThinkCentre Tiny.

Intel walianza kuweka Quick Sync, ndo ile sehemu ya kudikodi, mwaka 2011 kwenye kizazi cha pili, na tangu hapo kodeki (namna za kubana video) za H.264 na MPEG-2 zinadikodiwa kwenye chipu bila shida. HEVC ndo inayotenganisha watu. Kizazi cha pili mpaka cha tano kwenye Linux usitegemee HEVC kwenye grafiki. Kizazi cha sita, Skylake ya 2015, kinaweza HEVC ya biti 8 tu (biti hapa ni kina cha rangi). Kizazi cha saba, Kaby Lake, kinaweza HEVC ya biti 8 na 10, pamoja na VP9 ambayo YouTube wanaipenda sana. AV1, kodeki nyingine, imeingia kizazi cha 11 mwaka 2020.

Sasa zile Celeron na Pentium ndogo zina ukoo wao. N3050 na N3150 zinaishia HEVC ya biti 8. N3350, N3450 na J3455 zinaweza biti 10. N4100 na J4105 nazo ziko vizuri kabisa, HEVC biti 10 na VP9, vilevile N5095 na N5105. N100 iliyotoka 2023 inaweza yote hayo na AV1 juu, na prosesa yenyewe imepangiwa wati 6 tu. Kama mtu unanunua mpya leo kwa ajili ya sebule tu, N100 usiitazame mara mbili, beba.

Upande wa AMD, Ryzen zenye grafiki ndani kuanzia 2200G na 2400G za 2018 zinaweza HEVC biti 10 na VP9. Raspberry Pi ina mambo yake: Pi 4 inadikodi HEVC mpaka 4K na H.264 mpaka 1080p, halafu Pi 5 wakaitoa kabisa sehemu ya H.264 wakabakisha HEVC peke yake, H.264 inaendeshwa na prosesa, ila prosesa yenyewe ina nguvu kwa hiyo 1080p hutaona tofauti.

Mzee mmoja jirani huku Chumbageni alikuwa ameshaweka jicho kwenye i7 ya kizazi cha nne, hoja yake i7 ni kubwa kuliko Celeron, mtoto mdogo anajua. Nikamwambia mzee wangu, kwa kazi za ofisi ni kweli, lakini flashi yako imejaa HEVC, hiyo i7 itazidikodi kwa nguvu za prosesa, itachemka na kula umeme, wakati Celeron N4100 inazicheza inapepea. Hakunielewa siku hiyo, na mimi simlaumu, maana jina la i7 limeuzwa sana.

Hatua ya 2: jua faili zako ni za kodeki gani

Jina la faili likiishia mp4 au mkv halikwambii kitu, hilo ni boksi tu, ndani inaweza kuwa chochote. Weka programu hizi, zote utazihitaji mbele:

`sudo apt install mediainfo ffmpeg mpv`

Kwa faili moja tumia `mediainfo jina-la-faili.mkv` kisha tazama sehemu ya Video. Ikiandika AVC hiyo ni H.264, ikiandika HEVC ni H.265, ikiandika MPEG-4 Visual hizo ni Xvid na DivX za zamani, zile muvi za enzi za kibanda umiza. Tazama pia Bit depth, kama ni 8 au 10.

Ukiwa na folda nzima, ingia ndani yake halafu bandika hii:

`for f in *.mkv *.mp4; do echo "$f"; ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,profile,pix_fmt,width,height -of csv=p=0 "$f"; done`

Itashusha orodha, kila faili na kodeki yake na ukubwa wa picha. Ukiona `yuv420p` peke yake ni biti 8, ukiona `yuv420p10le` ni biti 10.

Hapa kuna mtego mmoja wa kujua. H.264 ya biti 10 ipo, hasa kwenye katuni za Kijapani, na chipu za kompyuta za sebuleni karibu zote haziidikodi, hata iwe mashine mpya. Kwa hiyo ukikuta `h264` na `yuv420p10le` kwenye mstari mmoja usihangaike kutafuta draiva, hiyo itaenda kwa prosesa tu na kwa 1080p prosesa ya i5 inaimudu. Xvid nazo Intel hazidikodi kwenye chipu, lakini ni nyepesi sana, hazina madhara.

Ukishaoanisha hatua hizi mbili unajua tayari utapata nini. Skylake na faili za HEVC za biti 10 haziendani, basi, hakuna setingi itakayobadilisha hilo, utafute faili za biti 8 au H.264 au ubadilishe mashine.

Hatua ya 3: vitu vya mkononi kabla ya programu

Zima, fungua, puliza vumbi. Nasema hivi kwa sababu huku pwani vumbi likichanganyika na unyevu linagandia kwenye mapezi ya hitsinki (chuma cha kupoza prosesa) kama lami, blowa peke yake haitoshi, inabidi brashi. Kama mashine ni ya mtumba na haijawahi kufunguliwa badilisha na ile pesti ya prosesa, imeshakauka. Usiifungie ndani ya kabati la TV lenye mlango, na ukikaa karibu na bahari kama Raskazone iweke mbali na dirisha, chumvi inakula poti.

RAM ziwe mbili zinazofanana badala ya moja. Grafiki ya ndani haina memori yake, inakopa RAM ya kompyuta, na RAM mbili zinafungua njia mbili za kupitisha data, kwa hiyo 4 na 4 ni bora kuliko 8 moja hata kama jumla ni ileile.

Ukiingia BIOS (setingi za mashine kabla mfumo haujawaka) tafuta sehemu ya umeme, kwenye Dell inaitwa AC Recovery na kwingine After Power Loss, iweke iwake yenyewe umeme ukirudi kama unapenda hivyo. Mimi naiacha izime, maana umeme ukirudi unaweza kuja na kishindo, nataka utulie kwanza. Na stabilaiza uweke, sitaki kubishana kwenye hilo.

Kuhusu kebo: mashine za kizazi cha sita na cha saba HDMI yake ya kawaida inaishia toleo la 1.4, maana yake 4K itatoka kwa fremu 30 tu kwa sekunde. Ukitaka 4K ya 60 utoe picha kwenye DisplayPort halafu utumie adapta inayobadilisha kweli kwenda HDMI 2.0, zile za bei chee zinazopitisha tu hazifiki. Kwa 1080p sahau yote haya, kebo yoyote nzima inafaa.

Hatua ya 4: chagua mfumo

Kama mashine ni ya muvi peke yake, hakuna brauza, hakuna mtoto kufanyia homwek, weka LibreELEC umalizane. Ni mfumo mdogo wa Linux unaowasha Kodi (programu ya kuchezesha muvi) moja kwa moja, draiva za video zimo ndani tayari, unaipakia kwenye flashi, unawasha, unafuata maelezo, basi. Mashine za Intel na AMD zinatumia ile faili ya Generic. Ukichukua njia hii ruka mpaka hatua ya 7.

Kama ni mashine ya nyumba nzima, weka Linux Mint au Debian. Kwa wanaoanza nashauri Mint.

Hatua ya 5: draiva, ruhusa, na vainfo

Kwenye Linux kazi hii inapitia kitu kinaitwa VA-API. Programu ya kuchezesha muvi inaongea na VA-API, VA-API inaongea na draiva, draiva inaongea na chipu. Kiungo kimoja kikikosekana programu haikuambii, inarudi kimyakimya kwenye prosesa na muvi inaendelea kucheza vibaya. Hiyo tabia ya kukaa kimya ndo inayowapoteza watu.

Intel kuanzia kizazi cha tano, pamoja na N3350, N4100, N100 na ndugu zake:

`sudo apt install intel-media-va-driver vainfo intel-gpu-tools`

Intel ya kizazi cha nne kurudi nyuma, pamoja na N3050, N3150 na ndugu zake:

`sudo apt install i965-va-driver vainfo intel-gpu-tools`

AMD:

`sudo apt install mesa-va-drivers vainfo`

Ipo pia ya Intel inayoishia na `-non-free`, kwenye Debian lazima uruhusu kwanza sehemu ya non-free kwenye orodha ya apt. Ya kawaida ikikugomea kodeki fulani ijaribu hiyo.

Halafu ruhusa. Mlango wa grafiki uko kwenye `/dev/dri/renderD128` na mtumiaji lazima awe kwenye makundi yanayoruhusiwa:

`sudo usermod -aG video,render $USER`

Toka kabisa kwenye akaunti uingie tena, au washa upya mashine, kufunga teminali na kuifungua hakutoshi. Kisha andika `vainfo` bila kitu kingine.

Itamwaga mistari, usiogope. Unachotafuta ni mistari iliyoishia na `VAEntrypointVLD`, hiyo VLD ndo kudikodi. Zilizoishia na EncSlice ni za kurekodi, hazikuhusu leo. Upande wa kushoto soma majina: `VAProfileH264High` ni H.264, `VAProfileHEVCMain` ni HEVC biti 8, `VAProfileHEVCMain10` ni biti 10, `VAProfileVP9Profile0` ni VP9, `VAProfileAV1Profile0` ni AV1. Linganisha na hatua ya 1. Kama chipu yako ni ya kizazi cha saba na Main10 haipo kwenye orodha, draiva siyo, rudi nyuma.

Ikitoa kosa la `vaInitialize failed` jaribu `sudo vainfo`. Ikikubali kwa sudo na kukataa bila sudo basi ni ruhusa tu, yale makundi hayajashika. Ikikataa kote jaribu kuitaja draiva kwa jina:

`LIBVA_DRIVER_NAME=iHD vainfo`

na ikigoma weka `i965` badala ya `iHD`. Itakayokubali ndo ya mashine yako, uiandike kwenye `/etc/environment` kama mstari `LIBVA_DRIVER_NAME=iHD` ili ikae daima.

Hatua ya 6: hakikisha kwa macho

Chukua faili ya HEVC unayoijua kodeki yake, cheza hivi:

`mpv --hwdec=vaapi faili.mkv`

Kwenye teminali ikiandika `Using hardware decoding (vaapi)` umefika. Muvi ikiwa inacheza bonyeza herufi `i`, itatokea maelezo juu ya picha, pamoja na idadi ya fremu zilizodondoshwa. Hiyo namba ya fremu zilizodondoka iangalie kwa dakika kadhaa, ikidondosha chache mwanzoni halafu ikatulia hakuna neno, ikiendelea kupanda kuna shida.

Fungua teminali ya pili andika `sudo intel_gpu_top`. Utaona mistari ya asilimia, mmoja wa Render/3D na mwingine wa Video. Huo wa Video ukisoma sifuri huku muvi inacheza, usidanganyike hata kama picha ni laini, anayefanya kazi ni prosesa. Nalirudia hili kwa sababu ndo kosa la kila mtu: muvi kucheza vizuri siyo ushahidi. i5 inaweza kucheza HEVC ya 1080p kwa prosesa ukaona poa, ila kaskazi ikiingia na chumba kina joto prosesa inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na hapo ndo kugandaganda kunaanza katikati ya muvi, watu wanasema faili ni mbovu.

Ukiridhika tengeneza faili `~/.config/mpv/mpv.conf` uweke mstari mmoja tu:

`hwdec=auto-safe`

Na kwa wenye sola hesabu ni hii. Betri ya 12V na Ah 100 ina Wh 1200 kwenye karatasi, za asidi ukizijali unatumia nusu, Wh 600. Tuseme TV inakula wati 60, jioni ya masaa matano ni Wh 300. Kompyuta ikila wati 10 ni Wh 50, jumla 350, unabaki na za taa na kuchaji simu. Kompyuta hiyohiyo ikipandishwa mpaka wati 40 kwa sababu prosesa inabeba kila kitu ni Wh 200, jumla 500, na hapo sijaweka kinacholiwa na inveta yenyewe.

Hatua ya 7: Kodi

`sudo apt install kodi` kwa waliokuja na Mint au Debian. Ukiifungua bonyeza alama ya gia, ingia Player, halafu Videos. Chini kushoto kuna gia nyingine ndogo inayobadilisha kiwango cha setingi, ibonyeze mpaka isome Expert, bila hivyo baadhi ya vitu havionekani na utadhani Kodi yako ni pungufu.

Tafuta "Allow hardware acceleration - VAAPI" iwe imewashwa. Chini yake kuna orodha ya kodeki mojamoja, ziache kama zilivyo, ila ukipata kodeki moja inayosumbua, mfano zile DVD za zamani za MPEG-2 zinatoa rangi za kijani, unaizima hiyo peke yake na nyingine zinaendelea kwenye chipu. MPEG-2 prosesa yoyote inaiweza.

Washa pia "Adjust display refresh rate" uiweke On start / stop. Muvi nyingi zina fremu 24 kwa sekunde na TV inaenda 60 au 50, zisipolingana unaona kamera ikigeuka picha inajikwaa kidogokidogo hata kama hakuna fremu iliyodondoka. Wengine hawaoni kabisa, mimi nikishaiona siwezi kuacha kuiona.

Cheza muvi, bonyeza herufi `O` kwenye kibodi. Ikiandika `ff-hevc-vaapi (HW)` safi. Ikiandika `ff-hevc (SW)` bado iko kwenye prosesa, rudi hatua ya 5.

Hatua ya 8: YouTube kwenye brauza

Firefox kuanzia toleo la 115 la 2023 imewasha kudikodi kwa chipu yenyewe kwenye Linux kwa grafiki za Intel. Shida inabaki kwamba YouTube wanakupa VP9 au AV1, na mashine ya kizazi cha sita kushuka haina hizo. Dawa ni kiongezi kinaitwa enhanced-h264ify, unazuia VP9 na AV1, YouTube wanakuletea H.264 na chipu inaipokea. Gharama yake ni kwamba H.264 ya YouTube inaishia 1080p. Halafu kwa ubora uleule H.264 huwa inakula data zaidi, kwa hiyo mwenye bando la kupima ashuke mpaka 720p, kwenye kochi la mbali hakuna atakayejua.

Zikikugomea bado

Skrini nyeusi sauti ipo: mara nyingi ni draiva imechaguliwa siyo, jaribu ile ya `LIBVA_DRIVER_NAME`.

Picha laini lakini maandishi ya chini yakitokea inastaki: maandishi yenye mapambo na rangi yanachorwa na prosesa, siyo ishu ya kudikodi, tafuta faili ya srt ya kawaida.

Inaanza vizuri baada ya nusu saa inachoka: joto. `sudo apt install lm-sensors` kisha `sensors` uone nyuzi, muvi ikiwa inacheza. Ukiona 90 na kupanda rudi kwenye brashi na pesti.

Mistari kama meno ya kitana kwenye vitu vinavyokimbia, hasa mechi zilizorekodiwa kwenye TV: hiyo ni video ya mistari nusunusu, kwenye Kodi fungua setingi za video muvi ikiwa inacheza, utafute Deinterlace method uchague ya VAAPI.

4K yenye HDR (rangi na mwanga wa upana mkubwa) kwenye TV isiyo na HDR: kudikodi kunaweza kwenda chipu vizuri kabisa lakini kubadilisha rangi ni kazi nyingine inayoangukia upande wa 3D wa grafiki, na grafiki za zamani zinazidiwa hapo. Chukua toleo la 1080p lisilo na HDR.

Kwa waliobaki Windows: Kodi inatumia DXVA2 badala ya VA-API, setingi iko palepale, na wa kuangalia ni Task Manager, Performance, GPU, grafu ya Video Decode. Ila Windows 10 ilishaachwa na wenyewe tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ya hizi za mtumba Windows 11 haizikubali rasmi, kwa hiyo Linux mtakutana nayo tu.

Limebaki la rimoti. HDMI ya kompyuta za kawaida haipitishi amri za rimoti ya TV, tofauti na Raspberry Pi ambayo inapitisha, kwa hiyo ama ununue rimoti ya USB, ama utumie simu. Kwenye Kodi nenda Settings, Services, Control, washa "Allow remote control via HTTP", weka jina na neno la siri, poti iache 8080. Kwenye simu ya Android weka apu ya Kore, simu na kompyuta ziwe kwenye WiFi moja, hata kama WiFi yenyewe haina bando inafanya kazi. Itaitafuta Kodi yenyewe, isipoiona ingiza namba ya IP kwa mkono, unaipata kwa kuandika `hostname -I` kwenye teminali.